Zamda na Rangi Iliyoganda

Sadala alipofariki, watu wa Nyamisati walidhani kazi yake imezikwa naye. Yeye ndiye aliyekuwa akizipaka rangi mashua zilizobeba boriti za mikoko. Rangi yenyewe ilikuwa udongo mwekundu wa Kibiti, uliosagwa ukawa unga laini na kukorogwa ndani ya mafuta ya papa. Aliyeusaga miaka yote ya ndoa yao ni mkewe, Zamda. Alipotoka eda, Zamda alivitoa vyungu uani akaanza kazi.

Ilikuwa masika, zama za Mwingereza. Chungu cha kwanza kiliharibika. Unga ambao zamani ulitawanyika vizuri ndani ya mafuta, sasa ulishikana mabonge, ukazama chini, mafuta yakabaki juu peke yake. Cha pili kikawa vilevile.

Mwinyimvua, kaka wa marehemu, ambaye mashua yake ilikuwa ikingoja kupakwa, alikuja kutazama.

"Acha, shemeji. Chombo hakitaki mkono wa mwanamke. Nipe vyungu nimpelekee Mfaume, naye hupaka mashua."

"Rangi ina macho ya kujua nani mwanamke?" Zamda akamjibu. "Vyungu havitoki hapa."

Kisimani wanawake wenzake wakamshauri amwombe shemeji yake radhi. Akajaza mtungi, akajitwika, akaenda zake.

Lakini moyoni alikuwa akijiuliza. Sadala alichanganya rangi wakati wa kiangazi tu. Masika alishona matanga. Zamda akauchota udongo uliokaa ghalani. Ulikuwa na ubaridi wa unyevu. Akautia kikaangoni, akaufunika juu ya moto. Alipofunua, kifuniko kilikuwa kikitiririka maji. Mafuta nayo akayachemsha. Yalitatarika kwa hasira, kisha yakanyamaza. Vilipopoa akavichanganya, na rangi ikawa laini, nzito, haina hata bonge moja. Akatenga kidogo bakulini, akainyunyizia maji kwa ncha za vidole na kuikoroga. Chembe zikaanza kushikana mbele ya macho yake.

"Kumbe ni wewe," akayaambia maji.

Kesho yake akawaita Mwinyimvua na Mfaume, mchana kweupe, majirani wakisikia. Akampa shemeji yake bakuli la rangi nzuri.

"Koroga kwa mkono wako."

"Miye?"

"Si mkono wa mwanamume ndio unaotakiwa?"

Akakoroga, rangi ikatulia vizuri. Zamda akamsogezea kata. "Sasa tia maji, kidogo tu. Koroga tena."

Mkorogo ukawa mzito. Mabonge yakajitokeza, yakazama.

"Haya, imekukataa na wewe?" Zamda akauliza.

Mfaume akaangua kicheko. Mwinyimvua akalitupa bakuli. "Uchawi huu!" akasema, akaondoka, na kazi akampa Mfaume vilevile.

Mfaume hakuwa na mahali pakavu pa kuwekea udongo wake. Rangi yake ikaganda. Akarudi kwa Zamda, ameinamisha kichwa.

"Dada, nifundishe."

"Nitakufundisha. Ila mashua ya shemeji nitaipaka miye, palepale ufukoni, watu wote wakiniona."

Maji yalipokupwa, Zamda akashuka kwenye tope, kanga ameifunga kiunoni. Wazee wawili wakamwambia atoke, atakitia chombo mkosi. Hakugeuka. Alianzia tezi kule nyuma, akapaka mpaka omo mbele, na walipozidi kumkemea akarudia ubavu mzima mara ya pili.

Mashua ikapakia boriti, ikaenda, ikarudi salama, wekundu wake haujabanduka. Wenye vyombo wakaanza kumjia. Mwinyimvua naye alikuja masika yaliyofuata, akasimama uani.

"Mke wa Sadala," akaita.

Zamda akaendelea kusaga.

"Shemeji."

Jiwe likazidi kuzunguka.

Mwinyimvua akakohoa, akatazama kando. "Fundi," akasema.

"Naam, shemeji," Zamda akaitika. "Karibu ukae."