Programu Iliyokataa Wimbo wa Mama

Kwa miaka mingi nilikana kwamba naiamini programu moja ya kompyuta kuliko ninavyowaamini ndugu zangu. Leo nakubali. Haina picha wala mapambo, ni skrini nyeusi tu: unaandika maneno ya mwanzo, inakutolea kila mstari unaoanza hivyo.

Niliitumia kwa nyimbo za chorale yetu, kwaya ya kanisa la mtaa wa Ndosho. Kwenye faili moja niliandika maneno ya kila wimbo, mstari mmoja kwa wimbo, nikaipanga mistari yote kwa alfabeti. Uzuri wake, programu hiyo haisomi faili zima. Inafungua katikati, inapima kama neno liko juu au chini, inatupa nusu, inafungua tena katikati. Mimi nikitafuta funguo naanza na mkoba na kuishia kwa majirani.

Kisha Mama akapona baada ya operesheni, tukamwandalia misa ya shukrani. Aliomba kitu kimoja: wimbo ulioimbwa kwenye arusi yake kule Masisi. Yaya, dada yangu mkubwa anayeongoza chorale, akaniomba maneno. Niliandika mwanzo wake, “Leo tumefika”. Skrini ikanyamaza. Nikamwambia wimbo haupo. Alisema upo, kwamba Mama alishaniimbia mimi niuandike. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyefika université, kwamba mashine haina sababu ya kudanganya.

“Basi siku ya misa mashine ndiyo itaimba,” akasema, akaenda kutafuta wimbo mwingine.

Ikabaki kazi yangu kumpigia Mama simu, kumwomba aridhike na huo mwingine.

“Mama, ule wimbo hauko.”

“Hauko wapi? Nilikuimbia ile siku ulikuwa unatwanga sombe. Ukasema unaandika mbio mbio, kupanga ni kesho.”

Nikakumbuka vidole vyangu, kijani kwa majani ya muhogo, juu ya kompyuta. Kesho hiyo haikuwahi kufika. Wimbo wa Mama ulikuwa umebaki chini kabisa, baada ya nyimbo za Z, na programu, ilipoona L, ilitupa nusu ya chini bila wasiwasi wowote. Niliteremka hadi mwisho wa faili, simu ikiwa sikioni.

“Uko, Mama.”

“Najua uko. Sasa pigia yaya yako. Uombe pardon kwanza, wimbo itafuata.”