Skati ya Watu Wawili

Mimi ni zao la ngumbaru. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na ndevu tayari, na tangu siku ile sijakutana na kitu nikaamini kitanishinda. Hata karata za Wajerumani.

Riyadh nilikuwa dereva wa wahandisi wawili wa Kijerumani: mzee mmoja wa kaskazini kwao, na mwingine wa milimani kusini, mnene kama tangi la maji. Kila Ijumaa baada ya chakula walicheza Skati, mchezo wa watu watatu. Mwenzao wa tatu aliporudi kwao, walitazamana mwezi mzima kama wajane. Mwishowe mzee akaniita ndani.

Skati ina karata thelathini na mbili tu. Jeki wote wanne ni turufu siku zote, na mkubwa wao ni jeki wa maua. Huyo hakuna wa kumla. Mmoja anacheza peke yake, wawili wanaungana kummaliza. Nilijifunza kwa Ijumaa tatu. Ya nne nikawachapa wote wawili mpaka yule mnene akasahau kula.

"Huu si mchezo," akanung'unika. "Kwetu tunacheza watu wanne, na malkia wanakula jeki."

"Kwenu hata ng'ombe wanacheza," mzee akamjibu. "Tupa karata."

Walibishana hivyo kila wiki, taifa moja, lugha moja, na hawakuwahi kukubaliana ni nani anamla nani.

Siku moja mzee akaniuliza mke wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Jeddah, kazi za nyumbani, analala kwa madam, na kwa miaka miwili nimemwona mara mbili. Mzee akagawa karata upya: nane kifudifudi kwangu na nane za wazi juu yake, kwake vilevile. Ukicheza ya juu, unafunua iliyo chini.

"Hii ni Skati ya wawili," akasema. "Mfundishe mkeo."

Basi nikawa mtu mwenye mpango. Kampuni ilikuwa na tawi Jeddah. Nilihitaji sahihi moja tu ya kafili, mwajiri aliyenidhamini, anihamishe. Niliandika ombi kwa mwandiko ambao waziri angeuonea wivu, nikalibeba mfukoni mpaka likaanza kunuka mimi.

Maombi ya namna hiyo hayapelekwi ofisini. Ofisini utaambiwa mafi, hakuna. Yanapelekwa istiraha, nyumba ya kupumzikia nje ya mji, ambako kafili na marafiki zake hukaa zuliani kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, wanakunywa kahawa na kucheza baluti, karata zao za watu wanne. Siku niliyoenda, mtu wao wa nne alikuwa amempeleka mama yake hospitali.

"Wewe dereva, unajua karata?" kafili akauliza.

"Baba, mimi ni profesa."

Wakacheka, wakanikalisha mbele yake, mwenzi wake. Baluti nilikuwa nimeitazama mara nyingi: karata thelathini na mbili, zilezile. Tulianza vizuri ajabu. Kafili alinipiga bega, akasema, "Tumalize hii, kisha unipe hiyo karatasi inayochungulia mfukoni."

Raundi ya mwisho alitangaza kopa kuwa turufu. Nikabaki na karata mbili: ree ya uru na jeki wa maua. Mpinzani akacheza shupaza. Sikuwa nayo, wala turufu sikuwa nayo. Nitupe ipi? Mkono haukuniuliza. Ulitupa ree, ukamweka jeki, mkubwa wa wakubwa, yule asiyelika.

Mpinzani akateremsha saba ya uru.

Nilimpiga jeki wangu zuliani hadi vikombe vikaruka.

"Huyu ni nani?" mpinzani akauliza.

"Jeki wa maua," nikasema.

"Namwona. Anafanya nini hapa?"

Saba ya uru ikamla. Saba! Ree yangu ingeimeza bila kutafuna. Katika baluti jeki ni mkubwa akiwa wa turufu tu, na hilo nilikuwa nalijua. Wazee walicheka mpaka mmoja akashikilia ukuta. "Mwenzi wako huyo!" wakamwambia kafili. "Umemwokota sokoni Batha?" Kafili naye alicheka, akavaa viatu vyake. "Bukra, inshallah," akaniambia. Kesho.

Sijui kama ni jeki aliyemwinua pale. Labda alikuwa na haraka zake. Najua tu kwamba bukra yake ilichukua miezi kumi na minne.

Ilipofika, ilikuja na mkataba mpya wa miaka miwili. Nikatia sahihi karatasi zote mbili, ya uhamisho na ya mkataba, Jumatatu, mbio, kabla hawajabadili mawazo. Jumatano mke wangu akarudishiwa simu yake na madam, akanipigia.

"Baba watoto, wamenikatia tiketi. Mkataba umeisha. Naenda nyumbani Ijumaa."

"Nimepata Jeddah," nikamwambia.

Akasema, "Ai, wewe mwanamume."

Sasa naishi Jeddah, mtaa wa Bani Malik, chumba kimoja na walinzi wawili wa kwetu. Wanapokezana zamu na kitanda, mmoja akirudi mwenzake anatoka, kwa hiyo watatu hatujawahi kuwa chumbani kwa wakati mmoja. Ijumaa mchana nagawa karata za watu wawili kitandani na kumpigia mke wangu nyumbani.

Ijumaa iliyopita aliuliza, "Nina nini?"

"Una jeki wa maua."

"Si ndiye huyo aliyekuchoma?"

"Huku kwenye Skati ndiye mkubwa, mama watoto. Usimtupe ovyo."

"Mimi sioni kitu, nacheza nini? Nichezee tu. Wewe ndiye unayeziona."

"Hapana. Zamu ni yako."

"Ngoja basi, maziwa yanafurika."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, sufuria, mtoto akiuliza kitu. Kisha laini ikakatika. Nilipiga mara nne. Nilikaa nikiitazama safu yake, jeki juu, na chini yake karata ambayo hakuna aliyekuwa ameifunua. Mlinzi akaingia na buti mkononi, akasimama kando ya kitanda.

"Umemaliza?"

Nikazikusanya, zake na zangu, nikampisha alale.