Waliposikia "Sare"

Nitasema ukweli wangu: yule msichana wa Dandora nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Na mimi ndiye niliyemfundisha kushika kitambaa! Miaka mingi, kila mgeni aliyeingia kiwanda chetu cha nguo hapa Baba Dogo alikaa kando yangu wiki nzima, akatazama mikono yangu, akakemewa, akajua kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yangu, na sikuwa na nyingine.

Kisha wakaja vijana wapya, na cherehani za kompyuta zikaja nao. Siku ya kwanza nikawaonyesha kola za mashati ya shule. "Hizi ncha mbili," nikasema, "sare!" Yaani zilingane. Nimelelewa Makongeni na mama wa Lamu, na kwetu sare ni sare. Wakaitikia vizuri, "Sawa, mathe." Jioni msimamizi akaniletea furushi zima la kola, ncha zote wazi, hazijaguswa na sindano. Ala! Nilifoka hadi sauti ikanikauka.

Yule msichana wa Dandora, aliyekuwa akishona kando yangu, akacheka. "Mathe, kwetu sare ni achana nayo. Umewaambia waziache, wakaziacha."

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Msimamizi hakucheka, alifikiri, na hapo ndipo nilipoponzeka. Kesho yake akampa msichana simu, ajirekodi akishona na kueleza kwa Sheng, hiyo lugha yao ya vijana. Sasa wageni wanatazama video, waya masikioni, wakikwama wanairudia, na baada ya siku mbili tu wanashona. Siku mbili! Nikakaa nikingoja aharibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikajiambia, lakini la kwake halikuingia hata tone. Anaeleza vizuri, bwana, na hilo ndilo lililoniuma roho zaidi.

Juzi wakaiondoa cherehani yangu ya zamani, nikapewa ya kompyuta. Nimwulize yeye? Thubutu! Nilisubiri saa ya chakula, nikajipenyeza kwenye benchi la wageni, nikatia waya masikioni, nikamtazama akinifundisha. Kijana aliyekuwa kando yangu akanisogezea nafasi kwa adabu.

"Mathe, hata wewe ndio umeanza kazi leo?"

Nikatazama huku na huku kama kuna mtu amesikia. Nikamwambia ndiyo.