Mawe Yaliyombembeleza Mtoto

Mji wa Brussels niliuzunguka na mtoto mgongoni, na njia aliichagua yeye. Nikikanyaga lami, alilia. Nikifika kwenye mitaa ya kale iliyotandikwa mawe, ambako mguu unayumba kila hatua na mwili mzima unatikisika, alinyamaza, kisha akalala. Kwa hiyo nilifuata mawe.

Mtoto alikuwa wa mdogo wangu. Mimi ni msusi, nasuka katikati ya jiji la Durban, na nilikuwa nimekwenda kumsaidia baada ya uzazi kwa tiketi ya shemeji, ambaye kazi yake ya lori humrudisha nyumbani mwisho wa wiki tu. Nilidhani nakwenda kupika uji na kufua nepi. Nikamkuta mdogo wangu, mcheshi wa nyumba yetu kule Bukavu, amelala akitazama ukuta. Alimnyonyesha mtoto, akanirudishia, akageukia ukuta tena. Tangu atoke hospitali hakuwa ameshuka ngazi hata mara moja. Muuguzi aliyekuwa akija alisema hali hiyo huwapata wanawake wengi waliojifungua, tumtoe nje taratibu. Mimi hiyo taratibu sinayo. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamvuta hata shuka. Hakutoka. Basi nikamfunga mtoto kwa kitenge, nikatoka mimi.

Nilikuwa nimeapa kwamba Ulaya hainishangazi. Mtu wa Durban, maghorofa nayajua. Lakini karibu na kwa mdogo wangu kuna lango la zamani la mji, Porte de Hal, mnara mzito wa mawe uliobaki peke yake baada ya ukuta wenyewe kuvunjwa, na magari yanaupita pembeni. Nilisimama chini yake mdomo wazi, wenyeji wakipita wanakula mkate. Ng'ambo yake kunaanza mtaa wa Marolles, wa watu wa kawaida, nyumba nyembamba zimebanana, na kuna kiwanja ambako kila asubuhi wanatandaza chini na kuuza vitu vya watu waliokwisha kufa: saa, vikombe, picha za harusi zisizo na mwenyewe. Niliokota kijiko kimoja kilicholika upande kwa kukwangua sufuria miaka na miaka. Kidogo nilie, kwa ajili ya kijiko!

Siku nyingine mawe yalinipeleka Grand-Place, uwanja uliozungukwa na nyumba zenye dhahabu mpaka kwenye mapaa. Nilisema "Yesu wangu" kwa sauti, watalii wakageuka. Nikawaza shaba yetu, mpira wetu wa msituni, mikono ya mababu zetu iliyokatwa enzi za mfalme wao, nikakasirika, na bado macho yaligoma kutoka pale. Matonge, mtaa wa Waafrika, ndiko nilikocheka: samaki wa chumvi, mihogo, wasusi wanavuta wateja mlangoni kama sisi Durban. Ila mle ni lami tupu, na mtoto alilia mwanzo mpaka mwisho.

Nikirudi nilikaa kitandani na kumsimulia mdogo wangu kila kitu. Yeye, bila kugeuka, aliuliza swali lile lile.

"Ingali iko?"

Alimaanisha mji. Ilikuwa kejeli yake ya zamani, na nilifurahi kuisikia.

"Iko. Inakungojea weye."

Siku zangu zikaisha. Kwenye uwanja wa ndege nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimeuona mji mzima na sikuweza kumfikisha hata mlangoni kwake.

Nyumbani Durban, nilikuwa na mteja kitini, mwanafunzi Mtanzania anayesoma chuo kule Westville, kichwa kimesukwa nusu, simu ilipoita. Ikatokea picha: anga la kijivu, kitenge begani, kilio cha mtoto.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "mi niko inje."

Rasta zilinidondoka.

"Analia tangu asubuhi. Nimeshindwa, yaya. Ile mawe yako iko wapi?"

Magari yalipiga honi nyuma yake, nami nikajua kwamba nikikosea kidogo tu, atarudi juu na hatashuka tena.

"Uko karibu na ule mnara? Sawa. Uende mpaka ku robot, pale uvuke."

"Ku robot?"

"Robot, mdogo wangu. Iko mbele yako!"

Akazungusha simu, macho yamemtoka. "Yaya, huku haiko robot. Iko watu na mbwa."

Mwanafunzi akapiga kelele chini ya mikono yangu. "Dada, taa! Mwambie taa za barabarani! Robot ni za huku Durban tu!"

"Aaa, feux!" akasema mdogo wangu. "Yaya, ni feux! Eti robot!" Akacheka. Kicheko chake kile kinachoanzia puani. Safari nzima sikuwa nimekisikia.

Akavuka. Kwenye mawe ya Marolles picha ikaanza kurukaruka, kilio kikapungua, kikaisha. Nikamwelekeza kwenye lifti ya vioo inayopandisha watu bure mpaka kwenye jumba kubwa la mahakama. Pale juu kuna ukingo, na ukisimama hapo mji wote uko chini yako, mapaa na minara hadi macho yanapoishia. Mimi siku ya kwanza nilisimama pale mpaka mtoto akaamka. Mara hii sikumwambia atakachokiona.

Alifika. Simu ikashuka, nikawa naona vidole vyake tu juu ya ukingo. Mwanafunzi alikuwa amenishika mkono.

"Mdogo wangu? Ingali iko?"

Akainua simu. Hakuniangalia mimi, alikuwa anaangalia kule mbali, na begani kwake mtoto amelala mdomo wazi.

"Iko," akasema. "Yaya, iko kubwa! Juu ya nini hukuniambiaka?"

Nilikuwa nimemwambia kila siku, mpaka koo likakauka.

"Nilisahau," nikamjibu.