Karafuu Zangu Kwenye Uwanja wa Skuli

Msinicheke mapema, acheni nimalize kwanza, maana mpaka leo nikipita pale skuli nateremsha kofia usoni kama mdeni.

Nilichaguliwa mjumbe wa kamati ya skuli, huku kwetu Pemba, karibu na Gando, zama zile za Waingereza, kwa kunyooshewa mikono barazani mbele ya mudiri, mtawala wa eneo letu, na nilimshinda Mzee Faki kwa jambo moja tu: niliahidi darasa la watoto wa kike. (Kina mama hawakupiga kura, lakini waume zao walilala kwao jana yake, nadhani mmenielewa.) Aliyefurahi kuliko wote ni binti yangu Zuwena, aliyezoea kuchungulia madaftari ya kaka zake. Kila jioni ananiuliza, "Baba, mie ntaanza lini?" Nami namjibu, "Karibu, mwanangu."

Ujumbe ule ukanipanda kichwani. Mzee Faki alipofunga ng'ombe wake kwenye uwanja wa skuli nilimwondosha mbele za watu: "Hapa pa watoto, Mzee, si pa mali zetu."

Basi ikaja habari kwamba bwana wa elimu, Mzungu, anakuja na mudiri kutazama kama tunastahili kujengewa chumba cha pili, ambacho ndicho kingekuwa cha wasichana. Ulikuwa msimu, karafuu zimezaa mpaka matawi yanainama, ua wangu umejaa majamvi hapana pa kutia mguu, na nyingine bado zimo makapuni. Nikautazama uwanja wa skuli, mpana, umefagiliwa, jua linauwakia. Nikajisemea, asubuhi tu, wageni wenyewe wanakuja baada ya adhuhuri, na mimi si mjumbe bwana? Nikatandika, nikaanika.

Wageni wakafika mapema. Watoto wamepangwa mistari, Mwalimu Khamis kainua mkono waanze wimbo, mimi nimesimama mbele ya karafuu zangu nimetanua kanzu kuziziba (majamvi yote yale kwa kanzu moja!), mara wingu likafunga na tone likaniangukia puani. Ningenyamaza zingerowa, yakaisha. Lakini mdomo ulishatangulia: "Mvua! Karafuu!"

Jamani, mnatujua Wapemba. Ukelele huo mtoto anausikia tangu yuko mbelekoni, na akiusikia haulizi ni za nani. Mistari ikavunjika, watoto wakarukia majamvi, Mwalimu akatupa fimbo yake, wazazi wakaja mbio, hata mudiri nilimwona kashika pembe ya jamvi, na aliyebeba nyingi kuliko wote ni Mzee Faki. Zikamwagwa chini ya paa la karibu, yaani darasani, sakafuni na juu ya madawati. Mzungu wa watu akabaki peke yake mvuani.

Akaingia anachuruzika maji, akatazama, akasema taratibu kwa Kiswahili chake cha ofisini: "Naona hamna haja ya chumba cha pili. Hiki kimoja mmekifanya ghala."

Mzee Faki akanigusa bega. "Sasa yakhe," akasema kwa upole, "ng'ombe wangu nimrudishe?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nilikuwa na lipi jingine? Lakini nyumbani Zuwena alikuwa kasimama mlangoni. "Bwana kasemaje, baba?" Nilipita nikaenda kutawadha.

Uchaguzi uliofuata hata ndugu yangu wa damu hakuninyooshea mkono. Chumba kilijengwa, ila baadaye sana, Zuwena keshaolewa. Siku ya kukifungua alikuja na mwanawe mkononi, akakaa kwenye dawati la mbele, akalipapasa.

"Hapa ndipo ningekaa mie?"

"Ndipo, mwanangu."

Tangu siku hiyo sigombei kitu, na cha watu sikigusi hata kwa asubuhi moja. Nitanieni karafuu mpaka mchoke, nitacheka nanyi. Dawati lile msinitanie.