Mpishi wa Mifuko

Majirani wakimuuliza mkewe leo kunapikwa nini, hujibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusalimu amri: "Mifuko." Mumewe hukuna muhogo, huukamua kwenye kitambaa, na wanga ukishatuama huutia sufuriani pamoja na siki na glisirini. Hukoroga polepole, huku akiubembeleza kama mtoto aliyegoma kulala. Ule uji mweupe ukianza kung'aa kama kioo, hupaza sauti: "Umeiva, mama watoto!" Kisha huumimina kwenye sinia zote za nyumba, ukae siku mbili ukauke, na kabla ya kuukata mifuko ya kubebea bidhaa huunusa kwa macho yaliyofumbwa. Nailoni hataki hata kuisikia. "Adui huyo! Mzike na babu yako, babu ataoza, yeye atabaki. Lakini mfuko wangu, mvua moja tu, umerudi udongoni!"

Siku mwenye duka la kona alipokubali kuonyeshwa mifuko ishirini ya kwanza, mpishi alivaa shati lake la harusi, akaibeba mifuko kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni mwa nyumba yake, mvua ikaanza. Aliitazama mifuko, akalitazama wingu, kisha akarudi chumbani kwa kunyata. Alipotoka, mifuko yote ishirini ilikuwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni.

"Usiseme kitu," alisema.

"Mimi sina neno, baba watoto," mkewe akajibu. "Kumbe adui ulimzika chini ya godoro."