Nyumba Aliyoijenga Baba Mdogo

Sikumpenda baba mdogo, na sioni sababu ya kulificha hilo. Akifika kwetu jijini, mtaa wa Maringo, kutoka nyumbani, kule magharibi, macho yake ndiyo yaliyotangulia kuamkia: yalianza kwenye redio, yakaenda kwenye kabati la vyombo, yakapita kwenye cherehani ya Mama, ndipo yakatufikia sisi watoto. Watoto wa nyumba za baraza la jiji tulijua kwamba ukiacha ndoo mferejini, ukirudi huikuti. Mtu mwenye macho kama yale tulishampima zamani.

Baba alikuwa fundi wa reli. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tumbo lilianza kumsumbua, akatafuna magadi, akanywa dawa za dukani, na alipokubali kwenda hospitali suruali ilikuwa ikishikiliwa na mkanda tu. Daktari aliwaita Mama na baba mdogo koridoni akawaambia kwamba ni kansa, imeshaenea hadi kwenye ini, na kupasua hakutasaidia. Wakakubaliana wao wawili kwamba Baba asiambiwe. Yeye ataambiwa ni vidonda vya tumbo. Mimi nilielezwa kwa sababu ndimi niliyekuwa binti mkubwa, na ndimi niliyekwenda na Mama wodini kila jioni kupeleka uji.

Kazi ya kumficha mgonjwa ugonjwa wake ni ngumu kuliko kumuuguza. Mama alimnywesha uji kwa kijiko huku akimpa habari za mtaa, nani kagombana na nani bombani, nani kaoza binti. Baba anasikiliza, halafu katikati ya habari anauliza, "Na huyu daktari anasema nitatoka lini?" Mama anajibu kwamba vidonda vinataka subira. Baba anamtazama yeye, kisha ananitazama mimi. Nilizoea kuinama nikaze kifuniko cha chupa ya chai.

Sasa, chini ya kitanda cha wazazi wangu kulikuwa na mabati. Baba aliyanunua kidogo kidogo miaka mingi, ya kujengea nyumba kijijini kwao, nyumba ambayo kila Krismasi ilikuwa itajengwa mwaka ujao. Mama hakumhimiza. Yeye kwao ni Murang'a, kwa watu wa lugha nyingine, na huko kwa wakwe aliona watu wanabadilisha lugha kila akiingia jikoni. Tena alikuwa na sababu yake ya kuogopa mashemeji: mamake mwenyewe, alipofiwa na mume, alifukuzwa shambani na ndugu za marehemu, akalea watoto kwa vibarua. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama alipenda kusema, na sikumsikia akilisema hilo juu ya mtu baki.

Baba mdogo alikuja Jumamosi moja na mkokoteni wa kukodi.

"Shemeji, hizi mabati zinashika kutu hapa bure. Wacha nizipeleke nyumbani."

"Mwenyewe amesema?"

"Mwenyewe ni mgonjwa. Mgonjwa hasumbuliwi na mambo ya mabati."

Alijibu bila kumtazama usoni. Mama alisogea pembeni, kwa kuwa hangeweza kupigana na mwanamume mbele ya majirani, na mabati yakatoka yote. Mama aliketi kitandani, akasema, "Na bado hajafa." Mimi nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili. Nilijiambia kwamba huyu mtu alilia koridoni kwa jicho moja, la pili lilikuwa linapiga hesabu ya shamba.

Haikupita muda. Jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyetoka upande mmoja na Baba, alirudi kutoka likizo akaja mpaka kizingitini anacheka. "Mama, hongera! Nimeona mnajenga. Kumbe mlikuwa mnatuficha? Nyumba imefika kwa paa." Mama alimshukuru, akamuuliza habari za watoto wake, akafunga mlango polepole. Kwa hiyo nduguye Baba alikuwa ameshahamia katika shamba la mtu aliye hai, na kwa mabati yake. Tulikubaliana bila maneno mengi. Kansa tungemficha, lakini wizi huu lazima aujue, maana ni yeye peke yake aliyeweza kuuzuia kabla hatujabaki bila pa kwenda.

Jioni ile Mama hakuanza na habari za mtaa.

"Baba watoto, sikutaka kukusumbua. Lakini ndugu yako anajenga nyumba. Kwa shamba yako, na mabati yako."

Nilingoja Baba afoke, maana alikuwa mtu wa kufokea hata chapati iliyoungua.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Kwa paa."

"Kwa paa," akarudia. Akatazama dirishani kwa muda, mkono wake umeshika ukingo wa shuka. Kisha akamgeukia Mama akatabasamu, tabasamu dogo ambalo sikuliamini hata kidogo. "Ni mimi nilimtuma. Nilitaka ukienda ushtuke."

"Si ungeniambia! Mimi nimemtukana huyo mtu moyoni wiki nzima!" Mama aliona haya, akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Baba alazwe. Mimi sikucheka. Niliona sasa ni ndugu wawili wanaotuficha kitu. Na tangu siku ile Baba hakuuliza tena atatoka lini. Aliomba wadogo zangu waletwe, kila mmoja kwa siku yake, akaongea nao.

Alifariki wakati wa mvua za masika. Tulimsafirisha kwao, na jeneza likaingizwa katika nyumba ile, ukuta bado una unyevu wa udongo. Mama aliwekewa mkeka kando yake. Baba mdogo alipoingia, macho mekundu yote mawili, Mama alimwita.

"Shemeji, asante. Umefanya vile ndugu yako alikutuma."

Baba mdogo alishangaa. "Kunituma? Mimi sikumwambia, shemeji. Ningeanzaje? Kwetu mwanamume hazikwi kwake kama hana nyumba. Analazwa nje kama mgeni, na bibi yake anakosa pa kukalia matanga, kesho anaambiwa hana boma hapa. Kwa hivyo tukiona mtu haamki, tunamjengea haraka, na yeye hasikii. Mtu wa kwetu akisikia amejengewa na ako kitandani, hahitaji daktari wa kumwambia anakufa. Hata wewe niliogopa kukuambia, habari isimfikie."

Mvua ilipiga juu ya bati. Mama alimtazama shemeji yake, akalitazama jeneza.

"Basi ni mimi nilimwambia," akasema. "Na akanidanganya, nisijue."

Akatuomba tutoke sote, abaki na Baba.